MISULI IKILALA, INI HUHESABU SAA

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wenzangu katika Chama cha Kiswahili wamekuandalia mashairi, ngano na vitendawili katika kurasa hizi. Mimi nimeona nikupe jambo la sayansi, maana wapo wenzetu wanaodai eti Kiswahili hakiwezi kuingia chumba cha upasuaji, kwamba kikifika mlangoni sharti kikiachie Kiingereza nafasi. Hebu tuingie pamoja tuone.

Mada yangu ina pande mbili. Upande mmoja ni dawa za kulegeza misuli, zile anazopewa mgonjwa akiwa katika nusukaputi. Upande wa pili ni ini lenye mafuta. Najua mtu ataniuliza, "Wewe nawe, misuli na ini wapi na wapi?" Subiri kidogo. Nataka ufikapo mwisho wa makala haya uweze kumweleza mzazi wako jambo moja: sindano ndiyo humlegeza mgonjwa, lakini mara nyingi ini lina sauti kubwa katika kuamua atabaki amelegea kwa muda gani. Kwa hivyo anayekwenda kupasuliwa akaficha habari za ini lake, anamficha daktari saa yenyewe.

MAFIGA MATATU YA NUSUKAPUTI

Watu wengi hudhani nusukaputi ni kitu kimoja. "Alidungwa sindano akalala fofofo," basi, hadithi imekwisha. La hasha! Sufuria ya mama hukaa juu ya mafiga matatu, na nusukaputi kamili ni vivyo hivyo. Figa la kwanza ni usingizi, ili mgonjwa asijue lolote linalotendeka. La pili ni kuondoa maumivu, maana hata mtu aliyelala, mwili wake huweza kushtuka kwa kisu, moyo ukaenda mbio na shinikizo la damu likapanda. La tatu ni kulegeza misuli. Kila figa lina dawa zake.

Kwa nini misuli ilegezwe? Weka kiganja chako juu ya tumbo, kisha ukohoe. Wasikia lilivyokaza kama ngoma iliyoanikwa juani? Sasa fikiria daktari anatafuta kidole tumbo ndani ya tumbo linalokaza hivyo. Isitoshe, kabla ya upasuaji mkubwa, mtaalamu wa nusukaputi hupitisha mpira kooni hadi kwenye bomba la hewa ili mashine impumulie mgonjwa. Koo lisipolegea, litaubana mpira huo na kuukataa.

Si kila upasuaji unaohitaji haya. Kina mama wengi wanaojifungua kwa upasuaji hudungwa sindano ya mgongoni tu, wakawa macho, wakamsikia mtoto akilia kwa mara ya kwanza. Lakini upasuaji wa ndani ya tumbo au kifua aghalabu huhitaji misuli ilegezwe.

Shika neno hili vizuri: dawa ya kulegeza misuli haileti usingizi wala haiondoi maumivu. Mwaka 1947 daktari mmoja Mmarekani, Scott Smith, alikubali kudungwa dawa ya aina hii bila ya usingizi wowote ili ukweli ujulikane. Alilegea mwili mzima asiweze hata kukunja kidole, akapumuliwa na wenzake. Dawa ilipokwisha alieleza kwamba muda wote huo alikuwa anasikia na kufahamu kila kitu. Ndiyo sababu hadi leo figa la tatu haliwekwi peke yake.

Na tusisahau kwamba misuli ya kupumua nayo ni misuli. Dawa ikiingia, pumzi husimama na mashine huchukua kazi. Basi swali kubwa la makala haya ni hili: upasuaji ukiisha, ni nani atakayeiondoa dawa hiyo mwilini, na kwa muda gani?

SUMU ILIYOGEUKA DAWA

Sisi Wakenya si wageni wa mishale ya sumu. Wakamba na Wagiriama walisifika kwa mishale iliyopakwa sumu ya mti wa jamii ya Acokanthera. Sumu hiyo huushambulia moyo. Huko Amerika ya Kusini, wenyeji wa misitu ya Amazon walikuwa na sumu yao ya mishale iitwayo kurare, lakini hiyo haikushughulika na moyo. Iliilegeza misuli. Tumbili aliyechomwa mshale alidondoka kutoka mtini kama tunda bivu, akashindwa kupumua, akafa huku moyo wake ungali unapiga. Na nyama yake ililiwa bila madhara, kwa sababu kurare haipiti kwa urahisi kutoka tumboni kuingia katika damu.

Mwaka 1814 kule London, Charles Waterton na wenzake walimdunga punda kurare. Punda akaanguka kama aliyekufa. Wakampasua bomba la hewa, wakamtia pumzi kwa mivukuto kwa muda wa saa mbili hivi. Ajabu ni kwamba punda aliinuka, akaishi miaka mingi baadaye hadi mwaka 1839. Funzo likapatikana: kurare haiui yenyewe, kinachoua ni kukosa pumzi. Ukimpumulia aliyedungwa mpaka sumu iishe, atanyanyuka.

Katikati ya karne ya 19, Mfaransa Claude Bernard alionyesha kwa kutumia vyura kwamba kurare hufanya kazi yake mahali neva inapokutana na msuli. Hata hivyo ilichukua muda mrefu kabla ya madaktari kuthubutu. Tarehe 23 Januari 1942, mjini Montreal, Kanada, Harold Griffith na Enid Johnson walimpa kurare kijana aliyekuwa akitolewa kidole tumbo. Tumbo lililegea vizuri, na kijana akapona. Kabla ya siku hiyo, tumbo lililegezwa kwa kumzamisha mgonjwa katika usingizi mzito mno wa etha, na wapo waliozama wasiibuke.

Lakini kila chenye faida kina hatari yake. Mwaka 1954 Beecher na Todd wa Marekani walichapisha hesabu za wagonjwa karibu laki 6. Waligundua kwamba vifo vilivyotokana na nusukaputi vilikuwa karibu mara 6 zaidi kwa waliopewa dawa za kulegeza misuli kuliko kwa wasiopewa. Siku hizo hapakuwa na vipimo vizuri vya kujua kama dawa imekwisha mwilini. Madaktari wakajifunza kwamba kulaza misuli ni kazi nyepesi. Kuiamsha kikamilifu ndiyo kazi.

KUFULI NA UFUNGUO

Hebu sasa tuchungulie mahali pale alipopaonyesha Bernard. Neva haigusi msuli. Kuna upenyo mwembamba sana katikati yao. Ukitaka kukunja kidole, ubongo hutuma ujumbe kupitia neva. Ujumbe ukifika mwisho wa neva, hutolewa kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo huvuka upenyo ule na kuingia katika vipokezi vya msuli kama ufunguo unavyoingia katika kufuli. Kufuli likifunguka, msuli hujikaza.

Dawa za kulegeza misuli ni za namna mbili. Namna ya kwanza ni zile zinazofuata njia ya kurare, kama vile rokuroniamu, vekuroniamu, atrakuriamu na sisatrakuriamu. Hizi ni kama mtu aliyejaza nta katika tundu la kufuli. Ufunguo halisi unakuja, haupati pa kuingia, na msuli unabaki umelegea. Namna ya pili ni suksamethoniamu. Hii ni ufunguo bandia: huingia, hufungua, kisha hukwama humo humo. Misuli hutetema kidogo mwili mzima, halafu hulegea kwa kuwa kufuli haliwezi kufunguliwa mara ya pili. Suksamethoniamu hufanya kazi katika muda wa dakika 1 hivi na huisha baada ya dakika 5 hadi 10. Kwa sababu ya wepesi huo, hupendwa sana wakati wa dharura.

INI NI MPISHI, TENA NI MFAGIZI

Waswahili tuna heshima zetu kwa ini. Mtu akiumizwa moyo kwa maneno, husema amekatwa maini. Mambo yakiharibika, twasema yametumbukia nyongo, na nyongo yenyewe hutengenezwa na ini. Hatukukosea kuliheshimu. Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo 1.5 hivi, nalo ni mpishi na mfagizi wa mwili kwa wakati mmoja. Hupika protini za damu, huweka akiba ya sukari, na huzifagia dawa nyingi na sumu.

Tukiziangalia dawa zetu, tutaona zinatoka mwilini kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni ya suksamethoniamu. Hukatwakatwa ndani ya damu na kimeng'enya maalumu. Kimeng'enya hicho hupikwa wapi? Katika ini. Ini likiugua sana, kimeng'enya hupungua, na dawa huchelewa kuisha. Hata hivyo mwili huwa na akiba ya kutosha, na hivyo ucheleweshaji huo kwa kawaida ni wa dakika, si wa saa. Wanaopata taabu kubwa ni watu wachache waliorithi kimeng'enya chenye kasoro kutoka kwa wazazi wao. Hao huweza kubaki wamelegea kwa saa kadhaa, wakipumuliwa na mashine. Ndiyo maana mtaalamu huuliza, "Je, kuna mtu katika ukoo wenu aliyechelewa kuamka baada ya upasuaji?" Si udaku, jamani. Anatafuta kimeng'enya.

Njia ya pili ni ya rokuroniamu na vekuroniamu. Hizi huchukuliwa na ini kwa wingi na kumwagwa kupitia nyongo, na sehemu nyingine hutolewa na figo. Mfagizi akiugua, taka hukaa ndani ya nyumba. Mgonjwa mwenye ini lililoharibika huweza kubaki amelegea muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa.

Njia ya tatu ndiyo iliyonifurahisha zaidi nilipoisoma. Ni ya atrakuriamu, iliyobuniwa na kundi la John Stenlake katika Chuo Kikuu cha Strathclyde, mjini Glasgow, na ikaanza kutumika hospitalini mwanzoni mwa miaka ya 1980. Molekuli yake iliundwa makusudi ili ivunjike yenyewe katika joto la mwili na hali ya kemikali ya damu, kwa kanuni iliyogunduliwa na Mjerumani Hofmann katika karne ya 19. Haingoji ini wala figo. Ni kama barafu, hata pasipo na mfagizi itayeyuka. Na kwa kuwa joto huivunja, chupa zake huhifadhiwa katika friji. Sisatrakuriamu ni ndugu yake, aliyekuja katika miaka ya 1990, naye huvunjika vivyo hivyo.

MAFUTA YANAPOVAMIA INI

Ini lenye mafuta ni lile ambalo zaidi ya asilimia 5 ya seli zake zimejaa mafuta. Husababishwa na pombe, au na unene, ugonjwa wa kisukari, na ulaji wa vyakula vya mafuta na sukari nyingi pamoja na kukaa kitako mchana kutwa. Wembamba nao hawajasalimika kabisa, maana wapo wanaoupata. Wataalamu wakadiria kwamba duniani, karibu mtu mzima 1 kati ya kila watu wazima 3 au 4 anao ugonjwa huu usiotokana na pombe. Siku ya wazazi ukitazama viti vilivyojaa pale uwanjani, piga hesabu mwenyewe. Na wengi hawajui, kwa maana ini hili halilii. Huweza kukaa miaka na mikaka bila kuuma.

Ugonjwa huenda kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ni mafuta peke yake. Ya pili ni mafuta pamoja na uvimbe wa seli. Ya tatu, makovu huanza. Ya nne, makovu hulifunika ini likawa gumu lenye vinundu, na kazi yake ikazorota. Wengi hubaki katika ngazi ya kwanza maisha yao yote, lakini wapo wanaoteremka hadi ya mwisho.

Sasa tuunganishe pande zetu mbili. Mgonjwa aliye katika ngazi ya kwanza, ini lake kwa kawaida bado linapika na kufagia. Dawa zote tulizotaja huweza kutumiwa kwake. Hatari yake kubwa huwa ni hesabu ya uzito. Dawa hizi hupenda maji, hazipendi mafuta. Hazizami katika unene wa mtu. Kwa hivyo rokuroniamu hukadiriwa kwa uzito ambao mtu wa kimo chake angepaswa kuwa nao, si kwa uzito wa kwenye mizani.

Chukua mfano. Mgonjwa ana kilo 95, na uzito unaofaa kwa kimo chake ni kilo 60. Kipimo cha kawaida ni miligramu 0.6 kwa kila kilo. Ukitumia mizani utapata miligramu 57. Ukitumia uzito unaofaa utapata miligramu 36. Tofauti ni miligramu 21, na hiyo ziada yote italiangukia ini kulifagia. Hapo ulegevu huzidi muda. Suksamethoniamu yenyewe ni kinyume, hukadiriwa kwa uzito halisi. Mwaona jinsi somo la hisabati linavyoweza kumwokoa mtu?

Mgonjwa aliye katika ngazi ya nne ana mambo mengine. Kwanza, ufagizi ni wa polepole, hivyo rokuroniamu na vekuroniamu hukawia. Pili, huenda tumbo limejaa maji, na dawa ikiingia hutawanyika katika maji hayo ikapungua makali. Basi kipimo cha kwanza huweza kuonekana kidogo mno kikahitaji kuongezwa, ilhali vipimo vinavyofuata vyahitaji kupunguzwa na kucheleweshwa. Asiyejua hali hiyo atadanganyika: ataona dawa haishiki, ataongeza na kuongeza, kisha mgonjwa atakataa kuamka. Kwa wagonjwa kama hawa, atrakuriamu na sisatrakuriamu hupendelewa, kwa sababu hazilitegemei ini.

SHANGAZI NA JIRANI YAKE

Haya sikuyatafuta kwa udadisi mtupu. Shangazi yangu, anayeuza nguo sokoni, aligunduliwa kuwa na vijiwe vya nyongo, na picha ya tumbo ikaonyesha pia kwamba ini lake lina mafuta. Alitakiwa apasuliwe. Siku moja kabla ya kulazwa, jirani yake alikuja na uji na ushauri. Uji ulikuwa mtamu. Ushauri ulikuwa huu: "Usiwaambie habari za ini wala za miti shamba unayokunywa. Ukisema, watakuahirishia, na pesa zako zitakwisha kwa vipimo."

Shangazi alinyamaza. Nilimwona ana hofu, maana kuahirishwa kwa mfanyabiashara ni hasara tupu. Jioni iliyofuata, wodini, alikuja afisa wa kliniki aliyesomea nusukaputi. Akavuta kiti akaketi. Alimwuliza mambo mengi: "Mama, unatumia vidonge gani? Kuna dawa za kienyeji? Watumia kileo? Unakoroma usiku? Macho yamewahi kuwa ya manjano? Ulipowahi kupasuliwa uliamka vizuri?"

Shangazi akamtazama, akamwuliza, "Kwani ini langu na usingizi wako vinahusiana vipi, mwanangu?"

Yule afisa akamweleza polepole, kwa Kiswahili kizuri, kwamba zipo dawa zinazofagiliwa na ini na zipo zinazojivunja zenyewe, na kwamba yeye hawezi kuchagua iliyo salama kama haujui mwili wanaoingia nao chumbani. Shangazi akaeleza yote, hata ile chupa ya mizizi. Kweli, upasuaji uliahirishwa, lakini kwa siku chache tu, ili damu ipimwe na ile mizizi iachwe. Alipopasuliwa alipewa atrakuriamu, akaamka, na alasiri ile ile alikuwa anauliza nani anamchungia kibanda chake sokoni. Nilimwomba afisa yule anifafanulie zaidi, naye mwalimu wetu wa bayolojia akanisaidia kwa vitabu. Hapo ndipo makala haya yalipozaliwa.

KUAMKA NDIYO KAZI

Labda wajiuliza: mtaalamu hujuaje kwamba misuli imeamka? Zamani alimwambia mgonjwa ainue kichwa kwa sekunde 5, au amkaze mkono. Siku hizi yajulikana kwamba hayo hayatoshi, maana mtu huweza kuinua kichwa na bado koo lake ni legevu. Kipo kifaa kidogo kinachofungwa kwenye kifundo cha mkono. Hutuma mishtuko minne ya umeme mwepesi kwenye neva, na kidole gumba hucheza mara nne. Dawa ikiwa bado ipo, mchezo wa nne huwa dhaifu kuliko wa kwanza. Mpira wa kupumulia hautolewi mpaka nguvu ya mchezo wa nne ifike angalau asilimia 90 ya ule wa kwanza.

Kwa mwenye ini la mafuta kifaa hiki ni muhimu maradufu. Wengi wao ni wanene, na wengi hukoroma na kukatikiwa na pumzi usingizini. Koo lao lina nafasi finyu. Likibaki na ulegevu kidogo tu, hujifunga, na oksijeni hushuka damuni.

Zipo pia dawa za kuharakisha kuamka. Neostigimini huzuia asetilikolini isiharibiwe, hivyo funguo halisi huongezeka mpaka zikaishinda ile nta. Hufanya kazi vizuri pale tu dawa inapokuwa imeanza kuisha yenyewe. Nyingine ni sugamadeksi, iliyokubaliwa Ulaya mwaka 2008 na Marekani mwaka 2015. Hii huizingira rokuroniamu au vekuroniamu kama kuku aliyefunikwa na tenga, kisha hutolewa na figo. Hapo mgonjwa haitaji kulingoja ini. Kasoro yake ni kwamba bei yake ni ghali, na haina msaada wowote kwa atrakuriamu wala suksamethoniamu.

LA KUFANYA

Ndugu msomaji, wewe hutachagua dawa, wala mzazi wako hatachagua. Hiyo ni kazi ya waliosomea. Kazi yetu sisi ni kusema kweli. Mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humwumbua. Akienda mtu wa nyumbani kwenu kupasuliwa, keti naye uandike karatasi moja: magonjwa yake, vidonge vyote, miti shamba, kileo, kukoroma, na habari za jamaa waliochelewa kuamka. Kama aliwahi kuambiwa "ini lina mafuta", hilo nalo liandike, hata kama haliumi. Ampe mtaalamu wa nusukaputi karatasi hiyo mkononi. Ikiwa ni mtu wa dharura asiyeweza kusema, wewe ndiwe mdomo wake.

La pili ni kuliokoa ini lenyewe kabla ya kisu. Mafuta ya ini si hukumu ya maisha. Mtu mwenye kilo 90 akipunguza asilimia 5 ya uzito wake, yaani kilo 4.5, mafuta ya ini hupungua. Akipunguza asilimia 7 hadi 10, yaani kilo 6 hadi 9 hivi, hata uvimbe wa seli huweza kutulia. Mwaka 2024 Marekani iliikubali resmetiromi, dawa ya kwanza ya ini lenye mafuta lililovimba na kuanza makovu, lakini hiyo nayo hutolewa pamoja na lishe bora na mazoezi. Soda na chipsi za kila siku tuziweke kando. Sukuma wiki, maharagwe, samaki na kutembea kwa miguu havihitaji cheti cha daktari.

Je, Kiswahili kimeshindwa kuingia thieta? Jibu nakuachia wewe. Mimi kalamu yangu naiweka chini hapa. Panapo majaliwa, tukutane tena mwakani katika kurasa hizi. Kwaheri ya kuonana.